Haki Usiyokuwa Nayo Huwezi Kumkabidhi Mwingine

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wetu wa majadiliano juu ya serikali na haki za mtu binafsi. Nimeombwa niiandike yote kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria, nami nimeyaacha maneno kama yalivyosemwa.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu mliofika,

Naomba nianze na mtu mmoja kabla sijagusa hoja yoyote, kwa sababu mazungumzo juu ya serikali yana tabia ya kupaa juu mno, mpaka wanadamu wanaohusika wasionekane tena.

Jioni ya tarehe 24 Mei 1854, kijana aitwaye Anthony Burns alikuwa akitoka kazini katika jiji la Boston, nchini Marekani, alipokamatwa na maofisa waliomwambia kwamba anashukiwa kuiba katika duka la vito. Hakuwa ameiba kitu. Kosa lake lilikuwa kwamba miezi michache nyuma alitoroka utumwani katika jimbo la Virginia, akasafiri kwa siri melini hadi Boston, akapata kazi katika duka la nguo, kisha akamwandikia barua ndugu yake aliyebaki utumwani. Barua ile ikaangukia mikononi mwa mtu aliyejiita bwana wake, na mtu huyo akafunga safari kwenda kumdai Burns kama mfugaji anavyodai mnyama wake aliyepotea.

Je, sheria ilikuwa upande wa nani? Sheria ilikuwa upande wa bwana. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha mwaka 1850 sheria ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, sheria iliyomnyima mshitakiwa haki ya kusikilizwa na jopo la raia, iliyomkataza kutoa ushahidi katika shauri linalohusu maisha yake mwenyewe, na iliyompa ofisa uwezo wa kumwamuru mpita njia yeyote asaidie katika ukamataji. Iliweka hata ujira wa kamishna anayeamua: dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia huru. Naomba mlishike jambo hilo la ujira, maana nitalirudia.

Tarehe 2 Juni, Burns akatembezwa kutoka mahakamani hadi bandarini akiwa amezungukwa na askari wenye silaha, huku maelfu kwa maelfu ya wakazi wa Boston wakiwa wamejipanga barabarani wakipiga kelele za aibu, na majengo yakiwa yametundikwa vitambaa vyeusi vya matanga. Huko bandarini ilimngoja merikebu ya serikali. Nguvu yote ile, ndugu zangu, mizinga, farasi, askari na merikebu, ilikusanywa ili kijana mmoja aliyekuwa akikunja nguo dukani arudishwe kwa mtu aliyedai kummiliki.

Sasa nawauliza: siku ile ni nani aliyekuwa mvunja sheria? Ni Burns. Na ni nani waliokuwa watekelezaji wa sheria? Ni wale waliomfunga pingu. Kama sheria iliyopitishwa na bunge ndiyo kipimo cha mwisho cha haki, basi hatuna la kusema juu ya siku ile, tukunje viti vyetu twende nyumbani. Lakini sidhani kama kuna mtu humu ndani aliyeisikia habari ile bila moyo wake kukataa. Na moyo ulipokataa, ulikataa kwa kipimo gani? Kipimo hicho ndicho kilichonileta mbele yenu leo.

Kipimo hicho ni kwamba kila mtu ni mwenye nafsi yake. Si mali ya bwana, si mali ya mfalme, si mali ya bunge, wala si mali ya jamii kwa ujumla wake. Wazo hili ni la zamani kuliko jina linalopewa siku hizi, ulibertari, na halikuzaliwa katika vyumba vya watu wakubwa. Mwaka 1646, Richard Overton, mmoja wa Levellers, kundi lililodai usawa wa watu mbele ya sheria nchini Uingereza, alikuwa amefungwa katika gereza la Newgate jijini London, na kutoka humo akaandika kwamba kila mtu amepewa na maumbile miliki ya nafsi yake, ambayo haifai kuvamiwa wala kunyang'anywa na yeyote. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, mwaka 1689, mwanafalsafa Mwingereza John Locke alilichukua wazo kama hilo akalijengea nyumba kamili: mtu anamiliki nafsi yake, kwa hiyo anamiliki kazi ya mikono yake, na serikali huundwa ili kuvilinda vitu ambavyo tayari ni vyake. Haifai kufichwa kwamba Locke huyo huyo aliweka fedha zake katika kampuni iliyofanya biashara ya watumwa. Ni doa zito. Lakini kanuni aliyoiandika ilikuwa kubwa kuliko mwenendo wake, na waliokuja kuupinga utumwa waliishika kanuni ile wakaitumia dhidi ya watu wa namna yake.

Kutoka hapo ndugu zangu nataka twende polepole, kwa sababu hatua inayofuata ndiyo inayoamua kila kitu.

Kama mimi ni mwenye nafsi yangu, nawe ni mwenye nafsi yako, basi kuna mambo ambayo siwezi kukutendea bila ridhaa yako. Siwezi kukupiga. Siwezi kuingia nyumbani kwako na kupekua makaratasi yako. Siwezi kukuzuia usifanye kazi halali ya mikono yako kwa sababu tu kazi hiyo inanipunguzia wateja. Siwezi kukuchagulia mke au mume, dini, wala kitabu cha kusoma. Hadi hapa nadhani hakuna anayebisha, hata mtoto mdogo analielewa jambo hili anapomwambia mwenzake, "hicho si chako."

Sasa tuseme tuko kumi, na tisa kati yetu tunakubaliana kwamba wewe wa kumi tukufanyie mambo yale yale. Je, haki ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nayo imezaliwa wapi? Sifuri tisa zikijumlishwa hutoa nini? Na tukiwa elfu, na tukiwa milioni, na tukichagua wawakilishi watutendee kwa niaba yetu, tumewakabidhi kitu gani ambacho hatukuwa nacho mkononi? Haki usiyokuwa nayo huwezi kumkabidhi mwingine. Ninaweza kumpa mlinzi kazi ya kunilinda kwa sababu nina haki ya kujilinda. Ninaweza kumpa hakimu kazi ya kuamua ugomvi wangu kwa sababu nina haki ya kudai nilichonyang'anywa. Lakini siwezi kumpa mtu yeyote kazi ya kukutawala wewe, kwa sababu sikuwahi kukumiliki.

Mtasema: hayo ni mantiki ya darasani, na maisha ni magumu kuliko hivyo. Basi tuyaache madarasa twende katika mji wa New London, katika jimbo la Connecticut, Marekani.

Mwaka 1997 muuguzi mmoja, Susette Kelo, alinunua nyumba ndogo iliyotazama maji katika mtaa wa Fort Trumbull, akaikarabati, akaipaka rangi ya waridi. Karibu naye aliishi Wilhelmina Dery, mama mzee aliyezaliwa katika nyumba yake mwaka 1918 na ambaye hakuwahi kuishi mahali pengine popote. Nyumba zao hazikuwa mbovu wala hatari kwa afya. Ila mji ulikuwa umedorora kiuchumi, kampuni kubwa ya dawa ilikuwa inajenga kituo cha utafiti jirani na mtaa huo, na wakubwa wa mji wakachora mpango: hoteli, ofisi, nyumba za kisasa, kodi zaidi kwa hazina ya mji. Kilichosimama njiani ni watu wachache waliosema, kwa adabu kabisa, kwamba hawauzi.

Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2005, majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba mji unayo mamlaka ya kuzitwaa nyumba zile na kuiingiza ardhi ile katika mpango wa waendelezaji binafsi, kwa kuwa ustawi wa uchumi ni manufaa ya umma. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyekuwa upande wa wachache, alionya kwamba kwa kanuni hiyo hakuna mali iliyo salama, maana karibu kila nyumba inaweza kuleta kodi zaidi ikigeuzwa kuwa kitu kingine, na watakaonufaika ni wale wenye sauti kubwa katika siasa.

Nataka tukae kidogo katika habari hii, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi.

La kwanza ni la haki. Watu wanasema: lakini si walilipwa fidia? Ndiyo, sheria iliwapa fidia. Lakini bei ambayo huna uwezo wa kuikataa si bei. Mtu akija kwako na bunduki akachukua saa yako, kisha akakuachia mezani fedha anazoona yeye zinatosha, hajanunua saa. Mama Dery hakuwa akijadiliana juu ya kiasi. Alikuwa akisema hapana, na mtu ambaye hapana yake haisikilizwi amekwisha kuondolewa katika mazungumzo na kufanywa kifaa cha mpango wa wengine. Na ni nani huondolewa hivyo? Si tajiri mwenye mawakili watano. Ndiyo maana huwa nasikitika ninaposikia haki ya mali ikizungumzwa kama haki ya matajiri. Tajiri ana ulinzi wa namna nyingi. Mnyonge ana mlango wake tu, na mlango huo ni imara kadiri sheria inavyokubali kusimama nje yake.

La pili ni la maarifa. Mwaka 1945 mwanauchumi Friedrich Hayek aliandika makala juu ya matumizi ya maarifa katika jamii, na hoja yake ilikuwa kwamba maarifa yanayohitajika kuendesha uchumi hayako mahali pamoja. Yametawanyika vipande vipande katika vichwa vya mamilioni ya watu, kila mmoja akijua mazingira yake ya wakati na mahali, na hakuna ofisi inayoweza kuyakusanya yote. Bei za sokoni, alisema, ndizo zinazosafirisha habari hizo: bati likiadimika, anayelitumia huona bei imepanda na kupunguza matumizi, bila kuhitaji kujua ni mgodi gani umefungwa wala kwa nini. Wachora mpango wa New London walidhani wanajua mtaa ule utakuwa nini baada ya miaka kumi. Mwaka 2009 kampuni ile ya dawa ikatangaza kwamba inaondoka mjini. Hoteli haikujengwa. Nyumba zilikwisha bomolewa au kuhamishwa, na kwa miaka mingi ardhi ile ikabaki majani matupu. Baada ya ghadhabu iliyotokana na hukumu ile, majimbo zaidi ya arobaini ya Marekani yalibadilisha sheria zao za kutwaa ardhi, mengine kwa dhati na mengine kwa jina tu.

Naomba lakini msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kosa la New London ni kuwa mpango ulishindwa. Ungefanikiwa, hoteli ikajaa wageni, bado mama yule alikuwa na haki ya kubaki alikozaliwa. Kushindwa kwa mpango kunatuonyesha tu kwamba waliotaka tuiuze haki kwa ajili ya neema hawakuwa hata na neema ya kutulipa.

Sasa niseme juu ya mzigo wa kujieleza. Ni nani anayepaswa kujieleza mbele ya mwenzake: raia anayetaka kuwa huru, au serikali inayotaka kumzuia?

Novemba 1762, wajumbe wa mfalme wakiongozwa na Nathan Carrington waliingia kwa nguvu katika nyumba ya mwandishi John Entick, huko Stepney, London. Walikaa humo saa nne, wakivunja makufuli ya masanduku, wakifungua droo, wakisoma na kuchukua makaratasi. Walikuwa na hati mkononi, iliyotiwa sahihi na waziri, Lord Halifax, kwa kuwa Entick alishukiwa kuandika mambo ya kuikera serikali. Entick hakukimbia wala hakuomba radhi. Aliwashitaki kwa kosa la kawaida kabisa, kosa ambalo mtu angemshitaki jirani yake: kuingia katika mali ya mtu bila ruhusa.

Mwaka 1765 Jaji Mkuu Camden alitoa hukumu. Serikali ilijitetea kwa kusema kwamba hati kama zile zimetolewa kwa miaka mingi, na kwamba dola inazihitaji kwa usalama wake. Jaji akauliza jambo moja: sheria inayowaruhusu iko wapi? Kama ni sheria, alisema, itapatikana katika vitabu vyetu. Isipopatikana humo, si sheria. Haikupatikana, na Entick akapewa fidia ya pauni 300. Kanuni ile ilivuka bahari ikawa moja ya mizizi ya marekebisho ya nne ya katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanayokataza upekuzi usio na sababu.

Mnaona uzuri wa hukumu ile? Raia hakuulizwa, "una nini cha kuficha?" Serikali ndiyo iliyoulizwa, "una ruhusa gani?" Mimi naamini swali hili la pili ndilo tofauti yote kati ya nchi huru na gereza lenye bustani nzuri. Na naamini pia kwamba kila kizazi kinajaribiwa kugeuza maswali hayo, kila mara kwa sababu inayosikika njema: usalama, afya, maadili, ugaidi, dawa za kulevya. Kila mara tunaambiwa kwamba safari hii ni tofauti.

Kuna aina moja ya sababu njema inayohitaji neno la pekee, nayo ni ile isemayo kwamba ninakuzuia kwa faida yako mwenyewe. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alijibu mwaka 1859 kwamba faida ya mtu mwenyewe, ya mwili au ya roho, si sababu ya kutosha ya kumlazimisha. Sababu pekee ni kuzuia madhara kwa wengine. Marekani ilijaribu njia nyingine ilipopiga marufuku vileo kuanzia mwaka 1920. Nia ya wengi waliodai marufuku ilikuwa safi, maana walikuwa wameona watoto wakilala njaa kwa sababu ya ulevi wa baba. Lakini magenge yakachukua biashara, na watu wakaanza kunywa pombe ya matumizi ya viwandani, isiyokusudiwa kunywewa, iliyosafishwa kwa magendo. Serikali ilifanya nini? Iliamuru pombe hiyo ya viwandani itiwe sumu kali zaidi, ikijua fika kwamba watu wanainywa. Na watu wakafa. Fikirini juu ya hilo: marufuku iliyoanza kwa kumhurumia mlevi iliishia kwa kumtilia sumu. Marufuku yenyewe ilifutwa Desemba 1933.

Sasa nirudi kwenye zile dola 10 na dola 5.

Nilizitaja kwa sababu zinafundisha jambo ambalo wapenda serikali kubwa hulisahau, kwamba mamlaka yakishakuwepo hayakai hewani. Yanashikwa na watu, na watu wana maslahi. Tunapoiomba serikali ipewe uwezo mpya, huwa tunawaza uwezo huo ukiwa mikononi mwa mtu mwenye hekima na huruma. Kwa nini tusiuwaze mikononi mwa yule anayenufaika nao zaidi, maana huyo ndiye atakayeamka mapema kwenda kuushika?

Watawa wa abasia ya Saint Joseph, katika jimbo la Louisiana, walikuwa na desturi ya kuwatengenezea ndugu zao majeneza ya mbao, ya kawaida, yasiyo na mapambo. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kiliangusha miti mingi waliyokuwa wakiuza mbao zake, na miaka miwili baadaye wakaamua kuyauza majeneza hayo kwa watu wa nje ili wapate fedha za matibabu na masomo ya watawa. Bodi ya serikali inayosimamia shughuli za mazishi ikawaandikia waache mara moja, kwa kuwa sheria ya jimbo iliruhusu majeneza yauzwe na wenye leseni ya kuendesha mazishi peke yao, na anayekiuka angeweza kutozwa faini au kufungwa. Ili wapate leseni, wangelazimika kuwa na chumba cha kuhifadhi na kutia dawa maiti, pamoja na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya kuuza sanduku la mbao. Sheria haikuweka kiwango chochote cha ubora wa jeneza, wala haikulazimisha mtu azikwe ndani ya jeneza. Na bodi ile ilijaa nani? Wengi wa wajumbe wake walikuwa watu wa biashara hiyo hiyo ya mazishi.

Watawa walikwenda mahakamani mwaka 2010, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikawapa haki, ikisema kwa uwazi kwamba kuwalinda wafanyabiashara fulani dhidi ya ushindani, bila sababu nyingine, si kazi halali ya sheria. Nafurahi kwamba walishinda. Lakini huwa najiuliza kuhusu wale wasio na abasia nyuma yao wala mawakili wa kujitolea: msusi, dereva, mshona nguo, ambaye alipata barua kama ile, akaikunja, akafunga kazi yake. Habari zake hazimo katika kumbukumbu ya mahakama yoyote.

Nimefika mahali ambapo wengi wenu mna swali, na baadhi mmeniuliza kabla sijapanda jukwaani. Je, serikali ikirudi nyuma, ni nani atakayetunza vya wote, na ni nani atakayemwangalia maskini?

Ni swali zito, nami sitalijibu kwa haraka. Katika kijiji cha Törbel, milimani Uswisi, wanakijiji walikuwa na malisho ya pamoja. Mwaka 1517 waliandika kanuni kwamba hakuna mtu atakayepeleka mlimani ng'ombe zaidi ya wale anaoweza kuwalisha nyumbani wakati wa baridi. Ni kanuni fupi, inayohesabika kwa macho, iliyotungwa na wale wale walioiishi, na malisho yale yalidumu kwa karne nyingi. Mtafiti Mmarekani Elinor Ostrom alikusanya mifano kama hiyo kutoka pande nyingi za dunia, akaonyesha kwamba watu wanaweza kutunza mali ya pamoja bila kuigawa na bila kumwita mtawala wa mbali; mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Ostrom hakujiita mlibertari, na sitaki kumvalisha nguo ambayo si yake. Nasema tu kwamba alilolikuta linapaswa kumtikisa kila anayedhani kwamba baina ya dola na vurugu hapana kitu.

Na kuhusu maskini: katika Uingereza ya karne ya 19, wafanyakazi waliochoka na fadhila za matajiri na karaha ya nyumba za umma za kuwahifadhi maskini walianzisha vyama vya kusaidiana, wakichanga kidogo kidogo, na chama kikamlipa mwanachama alipougua na kumzika alipokufa. Kabla bunge halijapitisha sheria ya bima ya taifa mwaka 1911, mamilioni ya watu walikuwa wanachama. Siwaambii kwamba hakuna aliyeachwa nyuma. Waliachwa, na hasa wale waliokuwa dhaifu kiasi cha kushindwa kuchanga. Ninachokataa ni ile hadithi kwamba watu walikuwa wamekaa kando, wakitazamana wakifa, mpaka serikali ilipofika.

Katika hili sisi walibertari wenyewe hatukubaliani, na ni vema mlijue. Hayek alikubali kwamba jamii yenye utajiri inaweza kumhakikishia kila mtu chakula, malazi na mavazi ya kumtosha kuishi. Mwanafalsafa Mmarekani Robert Nozick, mwaka 1974, alitetea dola ndogo inayolinda watu dhidi ya nguvu, wizi na ulaghai na kusimamia mikataba, akasema kwamba kumtoza mtu kodi kwenye jasho lake kunafanana na kumfanyisha kazi ya lazima. Mwanauchumi Mmarekani Murray Rothbard alikwenda mbali zaidi, akasema hata dola hiyo ndogo haina uhalali. Mimi nasimama karibu na Nozick kuliko Rothbard, kwa kuwa sijaona bado jinsi mnyonge atakavyopata haki dhidi ya mwenye nguvu pasipo mahakama iliyo ya wote. Lakini najua kwamba kwa kusema hivyo nimekubali kulazimisha, na anayekubali kulazimisha hata kidogo anadaiwa maelezo kila siku. Maelezo hayo nitaendelea kuyatafuta, wala sitajifanya nimeyamaliza.

Ndugu zangu, nilimwacha Anthony Burns ndani ya merikebu ya serikali, nami sitaki kuondoka hapa nikiwa nimemwacha huko.

Alirudishwa Virginia, akafungwa kwa miezi mingi akiwa na minyororo mikononi na miguuni, kisha akauzwa. Mwaka 1855 watu wa Boston, wakiongozwa na mchungaji Leonard Grimes, walichanga dola 1,300 wakamkomboa. Alisoma katika chuo cha Oberlin, akawa mchungaji wa kanisa huko St. Catharines, Kanada, na alifariki mwaka 1862 akiwa bado kijana.

Muda mfupi baada ya kuwa huru, aliliandikia kanisa lake la zamani huko Virginia akiomba barua ya kumruhusu ajiunge na kanisa lingine. Walimjibu kwamba wamemtenga, kwa kuwa kwa kutoroka alivunja sheria ya Mungu na ya wanadamu. Burns aliketi akawaandikia jibu, yeye ambaye sheria ilikuwa imemkataza kusema neno lolote katika shauri lake mwenyewe. Aliwaambia kwamba Mungu alimuumba mtu, hakumuumba mtumwa, na kwamba alimpa juu ya nafsi yake haki ile ile aliyompa yule aliyemwiba.

Asanteni kwa kunisikiliza.